Mikono ya Msimu

Mwaka huu mawaridi yalichelewa bondeni Kazanlak.
Mvua ya Aprili iliyakazia matumba,
na mjukuu wangu akayatangulia.
Kalina. Kilo tatu na robo,
mgongoni malaika kama ya tunda la pichi.

Nilimpelekea jasho langu mwenyewe:
losheni ya kiwanda chetu, chupa nyeupe,
kibata kimechorwa kifuniko kizima.
*Asilia*, wameandika. *Kwa ngozi changa.*
Nikajiambia, haya ni maua niliyoyachuma mimi
kabla jua halijaunywa umande,
tangu nina miaka tisa na gunia linanizidi kimo.
Nikijue nini, kama sikijui hiki?

Nevena, mke wa mwanangu, alimpaka asubuhi na jioni
kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta.
Hilo ndilo linalonikereketa hadi leo:
alimpaka kwa heshima.

Siku ya tano, mashavu mekundu.
Siku ya nane, mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti,
ngozi ikaanza kutoa machozi yake yenyewe.
Mtoto halali. Anasugua uso shukani,
anasugua, anasugua.
Nikasema ni joto.
Nikasema ni meno (ana miezi miwili!).
Nikasema ni maziwa, Nevena kala pilipili.
Nilitaja kila kitu cha nyumba ile
isipokuwa chupa.

Daktari Tsankova hakupandisha sauti.
Aliigeuza, akatafuta maandishi ya mchwa,
akaweka ukucha chini ya neno moja:
manukato.
"Hili ni neno moja," akasema, "lakini ni mlango.
Ndani wanaweza kukaa kumi, wanaweza kukaa hamsini.
Wachache hulazimika kutaja majina."
Akanisomea waliotajwa. Sitroneloli. Linaloli. Jeranioli.
"Huyu wa mwisho yumo ndani ya waridi lenyewe, mama.
Hakutiwa kiwandani."

Mimi? Nilitazama viatu vyangu.

"Si kila mtoto," akaendelea. "Wengi hawadhuriki.
Ila ukuta wa ngozi hii bado unajengwa,
na hatumjui wa kudhurika mpaka adhurike."
Nikauliza ile ya dukani, iliyoandikwa *hainukii*.
"Isome nyuma. Kuna zinazotiwa harufu
ili kuifukuza harufu.
Tafuta isiyotiwa manukato kabisa. Tena kidogo tu.
Mtoto si mkate wa kupakwa siagi."

Njiani, ndani ya basi, nilimnusa utosini.
Maziwa yaliyoanza kuchacha shingoni,
na kitu kingine, cha joto, ambacho miaka hamsini ya maua
haijanipa jina lake.
Nani alituambia hiki kina upungufu?
Pua ya kununua ni yetu. Ngozi ya kulipa ni yake.
Kizuri chajiuza, wanasema watu.
Kilijiuza hata kwangu, mchumaji wake.

Sasa ni msimu. Mikono yangu ina utomvu mweusi
unaoingia hadi kwenye mistari ya kiganja.
Saa sita natoka shambani, aproni naitundika getini,
naoga kwa sabuni kavu ya mche, mara mbili, mara tatu.
Nevena hajanituma kufanya hivyo.
Bado nasimama ukumbini, mikono juu,
kama mtu aliyekamatwa,
nikijinusa.

Kalina hanijui kwa harufu.
Nikikohoa tu mlangoni, anageuza shingo,
mashavu yake makavu, yana magamba kidogo,
yanapona polepole, bila kunifurahisha haraka.

Chupa ilibaki nusu. Kuitupa, roho iligoma.
Dobri, mume wangu, anapakia buti zake za shamba.
Zinang'aa.
Zinanukia bwana harusi.